Pizza nzuri ni ipi haswa? Ya Napoli, ya Roma ama ile nene ya kushiba? (niko Malindi, nataka kuanza kuuza)

Chipukizi_Maweni:

Assalam aleikum na hamjambo wadau. Nina swali limenikaa kichwani wiki ya tatu hii, nikiuliza watu 10 napata majibu 10. Mimi na mamangu tuna kibanda hapa Malindi upande wa Maweni, jioni tunauza viazi karai, bajia, chapati na mishkaki, biashara inaenda alhamdulillahi lakini vijana wa bodaboda na wanafunzi kila wikendi ni hilo hilo, pizza mnayo? Na hapa kwetu pizza si kitu cha kuhadithiwa, sisi tumezaliwa tukaikuta, Wataliano wako mji huu tangu ile miaka ya 60 walipoweka kituo chao cha kurusha satelaiti kule Ngomeni na mpaka leo mtoto mdogo anaamkia ciao. Ila pizza yenyewe imebaki ufuoni kwenye mahoteli na bei zake ni za mgeni.

Nshajaribu mara 5. Ya kwanza nilifuata video ya Napoli hatua kwa hatua, ikatoka katikati maji maji na kingo zimepauka ngumu kama biskuti, binamu yangu akauma kidogo akaniambia hii rudisha motoni. Ya pili nikafanya nene kama boflo, nikajaza nyama ya kusaga, soseji, hoho, chizi robo kilo nzima, watu wakasifu sana lakini ndani unga mbichi na nilipopiga hesabu faida yote iliishia kwenye chizi. Zile tatu nyingine ziko hapo katikati, si nzuri si mbaya.

Nina oveni ya gesi inafika digrii 250 na majiko ya makaa mawili makubwa. Tanuri la kuni sina. Nifuate stail gani? Na nyinyi mkisema pizza hii ni nzuri mnaangalia nini?

KijanaShela:

Kaka usijisumbue na mambo ya Napoli. Mtu wa hapa akitoa mia saba yake anataka ashibe yeye na mwenzake. Fanya nene, nyama ionekane, chizi ivutike. Ile ya Kitaliano nimekula mara mbili, nyanya na majani matatu, nikatoka hapo nikatafuta chapati maharagwe. Na usisahau nanasi, mimi bila nanasi silipi.

AmiTanuri:

KijanaShela nakuheshimu lakini hapo sikuachii, mana'ke wewe umeeleza kitoweo, pizza yenyewe hujaitaja. Pizza ni mkate. Hivyo vya juu ni kitoweo chake tu kama vile mchuzi kwa chapati, na chapati ikiwa mbovu hata uipe mchuzi wa kuku wa kienyeji bado ni chapati mbovu.

Nimesimama mbele ya tanuri la kuni miaka 14 kwenye mkahawa mmoja hapa hapa Malindi, niliingia kuosha vyombo nikatoka mkuu wa pizza, na Mtaliano aliyenifunza alininyima kugusa sosi miezi 6, kazi yangu ilikuwa kukanda unga, kukata madonge, kuyapima na kuyafunika, basi. Wakati ule nilimwona mtesaji, sasa namwombea dua. Kipimo changu cha pizza nzuri ni kimoja, naangalia sahani ikirudi jikoni. Kingo zimeliwa ama zimeachwa? Mtu akiacha kingo ina maana unga wako hauna ladha, alikuwa anakula vya juu tu.

Chipukizi, nikueleze kwa nini ile ya Napoli ilikutoka hivyo, si kosa lako. Wanapoli wana chama chao tangu 1984 kinacholinda pizza yao na masharti yake ni makali: unga, maji, chumvi, hamira, mafuta hayaingii kwenye unga wala sukari, donge linafunguliwa kwa mkono na kifimbo ni marufuku, upana usizidi sentimita 35, ukingo sentimita 1 mpaka 2, na tanuri, kwa desturi la kuni, lenye moto wa digrii 430 mpaka 480 hivi, pizza inaiva kwa sekunde 60 mpaka 90. Ufundi huo UNESCO waliuweka kwenye orodha yao ya urithi 2017. Sasa wewe umechukua unga ule ule ukautia kwenye digrii 250, sekunde 90 zimekuwa dakika 8 ama 10, maji ya unga yote yamekauka ndo ukapata biskuti, na kwa sababu hauna sukari wala mafuta haukupiga rangi. Ile risipe iliandikwa kwa moto ule. Wewe una moto mwingine, tafuta risipe ya moto wako.

Na hapo katikati kuwa laini si kutoiva. Pizza ya Napoli ndivyo ilivyo, unaikunja mara nne kama leso unaila. Lakini mteja wako hajaizoea na huwezi kusimama na kila mtu kibandani kumfundisha.

Ningekuwa wewe ningeenda Roma. Roma wana stail mbili na zote zinakufaa. Moja ni ya duara, nyembamba mpaka inalia kach kach ukiuma, na hiyo unga wake una mafuta na unasukumwa kwa kifimbo. Mamako anasukuma chapati miaka mingapi? Mkono ni huo huo. Ya pili inaokwa kwenye trei ndefu ya bati, inakatwa vipande kwa mkasi na kuuzwa kwa uzani, mtu anasema nipe hapa hapa mpaka hapa. Ukiuza kwa kipande hata mwanafunzi mwenye mia yake anakula.

Vipimo nakupa vya trei. Unga wa ngano kilo 1 (usije ukachukua ule unaojiumua wenyewe wa keki, ule una baking powder), maji gramu 650, chumvi gramu 25, mafuta vijiko 3, sukari kijiko 1 cha chai, hamira gramu 2 tu. Najua gramu 2 utaona ni kidogo, kila mtu hapa hutia kijiko kizima, ndo maana pizza za mitaani zinanuka hamira. Kwa joto letu hili unga ukitiwa hamira nyingi unaumuka ndani ya saa moja kabla haujapata ladha, halafu unaanza uchachu. Tia kidogo, kanda, acha nusu saa, ingiza kwenye friji ulale humo mpaka kesho jioni. Utoe saa mbili kabla ya kuoka.

Baharia_Mstaafu:

Ami hapo umesema. Mimi nilikuwa kwenye meli za watalii miaka 9, jikoni pia ila upande wa mboga, na kila bandari tukipewa saa chache nilikuwa natafuta pizza, wenzangu walikuwa wanatafuta viatu. Ntakwambia kitu nilichojifunza, kila mji unaapa kwamba yake ndo pizza na ya jirani ni mkate tu umepotea njia.

Napoli nilikula ile isiyo na chizi kabisa, marinara, nyanya, kitunguu thomu, origano na mafuta ya zeituni, kwisha. Kwa KijanaShela hiyo ni matusi lakini wallahi mpaka leo naikumbuka, nyanya ilikuwa nyanya. Palermo huko Sisili wanayo nene inaitwa sfincione, juu kitunguu kingi kilichopikwa pole pole, dagaa wa chumvi, na unga wa mkate mkavu umenyunyizwa badala ya lundo la chizi. Nene, ndio, lakini imefumka kama sponji, huli unga mbichi. Kwa hiyo nene si kosa, kosa ni kutoumuka.

New York ni pande kubwa unalikunja katikati unatembea nalo, chini kumekauka kiasi kwamba ncha haianguki. Wao walianza na matanuri ya makaa ya mawe, mkahawa wa Lombardi's inasemekana ulianza kuuza pizza 1905, na chizi yao ni mozarela kavu kavu isiyotoa maji. Buenos Aires nako Wataliano walihamia wengi, wana fugazzeta, chizi tele na kitunguu juu, sosi ya nyanya hakuna. Na Detroit sijafika ila ndugu wa mke wangu yuko huko, anasema ile yao ya pembe nne ilianza 1946 kwenye trei za chuma zilizokuwa za viwanda vya magari, chizi inapelekwa mpaka kwenye kuta za trei inaungua inakuwa ukoko, na sosi inakuja juu ya chizi.

Ukoko! Sisi watoto wa Pwani tunagombania ukoko wa wali sufuriani. Chipukizi hiyo ifikirie.

KijanaShela:

Sasa hiyo ya Detroit ndo nimeielewa. Lakini nanasi hamjanijibu.

Baharia_Mstaafu:

Nanasi si la Italia na si la Hawaii pia. Alilianzisha Sam Panopoulos, mzaliwa wa Ugiriki aliyekuwa na mkahawa Kanada, 1962. Mimi sili lakini siwezi kukukataza.

AmiTanuri:

Mimi nilikuwa nakataa zamani, siku hizi sikatai. Shida ya nanasi ni maji. Watu wanalikata bichi wanalitupa juu, pizza inaogelea. Likate jembamba, lichome kwanza juu ya tawa kavu mpaka lipige rangi, ndo uliweke. Na usilichanganye na soseji tamu, lichanganye na kitu cha pilipili.

Tena tukiwa kwenye vya juu, Chipukizi menyu yako iandike Kiswahili kabisa. Kwa Kitaliano peperoni ni pilipili hoho, kwa Wamarekani pepperoni ni soseji ya pilipili na nyingi ni ya nguruwe. Mwaka wangu wa pili kazini niliona familia imeagiza moja ikapata nyingine, mgeni akakasirika na mhudumu akalia, na hakuna aliyekuwa na makosa. Kwa wateja wa Maweni andika nyama ya ng'ombe, kuku, kamba, watu wajue wanakula nini na roho zao zitulie.

PwaniKwetu:

Mbona hakuna aliyetaja pizza ya Zanzibar? Pale Forodhani watu wanapanga foleni. Hiyo ni ya kwetu na haihitaji oveni hata kidogo.

AmiTanuri:

Ile nzuri sana, naila, lakini ni jina tu limeazimwa. Unga unavutwa mpaka unaonyesha upande wa pili, nyama na yai ndani, unakunjwa, unakaangwa kwenye tawa. Huo ni mkate mayai, kila mtu wa Mombasa anaujua. Hauna unga wa kuumuka, hauna moto wa juu. Auze vyote viwili, ila asimwambie mteja ni kitu kimoja.

BintiAmu:

Wanangu hamjambo, mimi niko Lamu, Langoni, napika za harusi na maulidi, na oveni nilinunua mwaka wa juzi tu. Nataka kusema kuhusu moto, kwa sababu naona mnamfanya kijana aone kama hana kitu, na ana majiko mawili ya makaa!

Mkate wa kumimina tunaupika vipi? Moto chini kidogo, moto juu mwingi. Unapalia makaa juu ya kifuniko. Hiyo ndiyo oveni ya mabibi zetu na pizza naipika hivyo hivyo tangu watoto wangu wako madrasa. Nachukua sufuria pana ya chuma nzito, naipasha kavu mpaka tone la maji likidondoka linaruka, natandaza unga ndani nikiwa nimepaka mafuta kidogo, nauacha ushike chini dakika 2 bila kitu juu. Halafu ndo sosi, ndo jibini, nafunika kwa bati na kulipalia makaa ya moto mwekundu, siyo yale yanayotoa moshi. Dakika 5 ama 6. Vifuu vya nazi vikiongezwa kwenye makaa moto unapanda sana, ila usimame hapo hapo usiende kuangalia simu.

Na huko nyuma kabla ya sufuria kuna tanuri la mofa. Vijana wa sasa wengine hawajaliona. Udongo, lina mdomo juu, unawasha moto ndani mpaka kuta ziive, unachukua unga wako wa mtama unaubandika kwenye ukuta na unaiva kwa pumzi ya moto. Nikisikia sekunde 90 na kuta za moto nawaelewa Wanapoli vizuri tu, hao ni watu wa tanuri kama sisi.

Vya juu nitawaambia cha kwangu. Huyu baharia amesema Palermo wanatia dagaa wa chumvi, mimi natia papa mkavu. Naloweka, nachemsha, namwaga maji, namchambua miiba yote, nakaanga na kitunguu kingi, thomu na pilipili mbichi. Natandaza sosi ya nyanya, papa juu, jibini situmii hapo kabisa. Ikitoka nakamua ndimu na kuichania mrehani. Yale majani wanayotia Wataliano na mrehani wetu ni kabila moja, sisi tunaufunga kwenye kikuba na asumini tukaenda harusini, wao wanakula. Mara ya kwanza mume wangu alikataa kula manukato, sasa ndiye anayeuchuma mwenyewe uani.

Kijana, usinunue vitu vya mbali ukafilisika. Uko Malindi, samaki wanashuka hapo mbele yako.

Baharia_Mstaafu:

Mama shikamoo. Hiyo ya papa nitakuja Amu kwa boti nile mwenyewe. Na ni kweli, Wataliano wengi nao hawapendi kuchanganya samaki na jibini, kwa hiyo uko pale pale nao.

BintiAmu:

Marahaba mwanangu, karibu sana. Nijulishe siku moja mbele, papa aloweke.

Chipukizi_Maweni:

Nimerudi. Kwanza shukran sana, sikutegemea. Nimewasoma mara tatu na mamangu nimemsomea yote, aliposikia ya kifimbo akasema si nilikwambia.

Jumatano nikakanda kilo 2 kwa vipimo vya ami, gramu 2 za hamira kwa kila kilo, nikapima kwa mizani ya jirani anayeuza viungo. Sikuamini kitaumuka. Kikalala kwa friji, Alhamisi jioni nafungua kimejaa mabofu mabofu na harufu ni ya mkate, siyo ile ya hamira niliyoizoea. Nikatandaza trei 4, mbili nyama ya kusaga, moja mboga, moja nikafanya ya Mama wa Amu ila badala ya papa nikatumia jodari aliyebaki nyumbani. Kingo za trei nikapeleka chizi mpaka ukutani kama Detroit.

Vipande 48, bei shilingi 80, vikaisha kabla ya saa tatu usiku. Ukoko ndo waligombania, kuna mtu alirudi akauliza kama nauza kando peke yake. Ile ya jodari nilidhani itabaki, wazee wa baraza waliimaliza wao. Na ami nimefanya kipimo chako, nimeangalia kwenye ndoo ya taka, kingo hazikuwepo.

Shida ni moja, trei za nyama katikati chini zilikuwa laini zimelowa, za mboga zilikuwa sawa. Nimekosea wapi? Na swali la pili, mjomba anabomoa ukuta wa zamani Mambrui, ana mawe ya matumbawe mengi ananipa bure, naweza kujengea tanuri la kuni nyuma ya kibanda?

AmiTanuri:

Mashallah! Nimefurahi kama ni kibanda changu.

La kwanza, nyama uliiweka na mchuzi wake. Nyama ya kusaga ikaange mpaka ikauke na mafuta yake uyachuje, ipoe, ndo iende juu. Na nyanya zetu za sokoni zina maji mengi, zikate, zitie chumvi, ziache kwenye chujio nusu saa kabla ya kuzisaga, usizipike. Chizi ukiona inatoa maji ikune usiku uilaze kwenye kitambaa. Halafu nenda kwa fundi wa welding akukatie bamba la chuma cha milimita 8 linaloenea oveni yako, liweke chini, liwashe moto dakika 45 kabla ya trei ya kwanza. Trei ikikaa juu ya chuma cha moto chini itakauka yenyewe.

La pili, hapana, na nakuomba sana. Mawe ya matumbawe usiyatie motoni. Yakipata moto mkali yanapasuka na vipande vinaruka, na kumbuka chokaa tunaipata vipi, si ni hayo hayo tunayachoma kwenye tanuu? Utajenga tanuri likugeukie unga mweupe. Hayo mawe yatumie kwa msingi chini. Kuba lenyewe jenga kwa tofali za udongo za kuchomwa, ukandike kwa udongo wa kichuguu na mchanga kidogo. Likimaliza kujengwa usiwashe moto mkubwa, wiki nzima uwe unawasha moto mdogo mdogo likauke pole pole la sivyo litapasuka. Kuni tafuta mvinje mkavu, moto wake ni mkali.

Ila usikimbilie tanuri mwezi huu. Uza trei kwanza zikulipie tofali.

KijanaShela:

48 kwa jioni moja? Ijumaa niwekee vinne vya ukoko. Na trei moja ya nanasi lililochomwa kwa tawa, nataka nijaribu anavyosema ami.

Chipukizi_Maweni:

Nimekuwekea. Ami bamba la milimita 8 fundi ananiambia analo la 6 tu, nichukue?

AmiTanuri:

Chukua la 6, lipe moto saa nzima. Na mimi Ijumaa baada ya Isha nakuja, nibakishie donge moja ambalo halijatandazwa, nataka nimwonyeshe mamako kitu kwa mkono.